Taa ya mlimani: ya betri, ya kuchaji, ya sola ya kupuliza au ya kuning'iniza hemani?

Taa nyingi za kambini hubuniwa kwa ajili ya mtu anayelala milimani Ulaya mwezi Julai, ambaye saa tatu usiku bado anaona kamba za hema lake bila kuwasha chochote. Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya na Rwenzori ziko jirani na ikweta. Huku jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, likarudi kati ya saa hizo hizo asubuhi, Januari hadi Desemba. Kila usiku wa kambini ni karibu saa kumi na mbili za giza. Kwa anayepanda Kilimanjaro kuna pia usiku mmoja ambao halali kabisa: anaamshwa saa tano, anaanza kupanda saa sita usiku kutoka kambi ya mwisho, Barafu au Kibo, na jua humkuta karibu na ukingo wa kreta, Stella Point au Gilman's Point, baada ya saa sita hivi za kutembea kwenye baridi iliyo chini ya sifuri. Taa iliyotosha vizuri siku zote za kambini inaweza kuzimika usiku huo.

Hapa tunalinganisha aina nne ambazo mtu mwenye shanta mgongoni huwa anasitasita kati yake: taa ya kichwani ya betri za AAA, taa ya kichwani ya kuchaji, taa ya sola ya kupuliza, na taa ndogo ya USB ya kuning'iniza. Simu na mshumaa tutavigusa kidogo, maana kuna watu huvitegemea.

Tunapima nini

Cha kwanza ni nishati, na hapa ndipo wengi hukosea kwa sababu boksi limeandikwa lumeni, yaani wingi wa mwanga, kwa herufi kubwa. Watengenezaji wengi wa taa za safari hufuata kipimo kiitwacho ANSI FL1. Kipimo hicho huhesabu muda wa taa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Maana yake, taa ya lumeni 200 ikiwa imebaki inatoa 20 bado inahesabiwa kuwa hai. Ahadi ya saa 50 inaweza kuwa kweli kabisa na isikusaidie kitu.

Afadhali upige hesabu mwenyewe. Zidisha mAh za betri (kiasi cha chaji kilichoandikwa juu yake) kwa volti zake, gawanya kwa 1,000, utapata wati-saa. LED nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa wati moja. Kutembea pole pole nyuma ya mwenzako kwenye changarawe ya Kilimanjaro kunataka lumeni 40 hadi 50, yaani nusu wati. Nusu wati kwa saa sita na nusu ni wati-saa 3.25. Kambini, ambako unatafuta soksi na kwenda chooni, lumeni 10 hadi 20 zinatosha. Saa tatu za matumizi hayo kila usiku hazifiki hata wati-saa moja. Shika namba hiyo ya 3.25, tutairudia.

Cha pili ni baridi, kwa sababu betri iliyojaa ukiwa Moshi haina nguvu ile ile ukiwa kwenye mita 5,000. Cha tatu ni maji: IPX4 inavumilia mvua na matone ya kila upande, IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Cha nne ni umbo la mwanga. Wa kutembelea unatakiwa ufike mbele mita kadhaa. Wa ndani ya hema unatakiwa utawanyike, la sivyo kila unayemgeukia unamtia upofu. Cha tano, ikiharibika katikati ya safari unafanyaje? Uzito tunaupima pamoja na kila kinachoilisha taa hiyo: betri za akiba, waya, pawabenki.

Taa ya kichwani ya betri za AAA

*Uzito na nishati.* Taa ya kawaida ya betri tatu hufika gramu 80 hadi 90 ikiwa na betri za alkalaini, ambazo kila moja ni gramu 11 na ushee. Ukiweka za lithiamu zisizochajiwa, kila betri inashuka hadi gramu 7 hadi 8. Alkalaini tatu hukupa wati-saa 4 hivi kwenye joto la kawaida, lithiamu hukupa 5 na zaidi kidogo. Seti ya akiba ya lithiamu ni gramu 23 tu. Ni akiba nyepesi sana kwa nishati inayobeba.

*Baridi.* Hapa aina ya betri ndiyo inayoamua. Alkalaini ina maji ndani ya kemikali zake, na kwenye nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Zile wati-saa 4 zinaweza zisifike hata 2, chini kabisa ya 3.25 unazohitaji. Lithiamu hufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna mlima wa Afrika Mashariki utakaokupa. Ina kasoro moja: volti yake haishuki taratibu, kwa hiyo kitaa cha kuonyesha chaji kinaweza kusema imejaa, kisha dakika chache baadaye ni giza. Tena soma maelezo ya taa yako kwanza, kwani baadhi ya taa za zamani haziruhusu lithiamu kwa sababu volti yake ikiwa mpya iko juu.

Unaponunua betri dukani usisome jina wala rangi, soma msimbo mdogo ubavuni. LR03 ni alkalaini. FR03 ni lithiamu. R03 peke yake, bila herufi mbele, ni ya zinki na kaboni, hata kama ganda limeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ya kazi nzito. R03 inafaa rimoti ya televisheni. Kwenye taa ya mlimani itakufa usiku wa kwanza au wa pili. Ukiishika mkononi utaona hata uzito wake ni mdogo kuliko LR03.

*Mvua.* Nyingi ni IPX4, zinatosha mvua ya msitu wa njia ya Machame, Kilimanjaro. Mlango wa betri ndio udhaifu: ukifungwa na chembe ya mchanga kwenye mpira wake, maji yanaingia.

*Inapokwama.* Matatizo ni yale yale na yote yana dawa. Kitufe hubonyezwa ndani ya shanta na taa inawaka mchana kutwa. Tumia kufuli la kitufe kama lipo, au geuza betri moja kinyume mpaka ufike kambini. Betri iliyoachwa ndani tangu mwaka jana huvuja na kuacha unga mweupe kwenye chuma. Unga huo ni wa asili ya magadi, kwa hiyo pamba yenye matone ya ndimu au siki huusafisha. Futa, kausha, kwaruza chuma taratibu kwa kipande cha msasa. Usichanganye betri mpya na kuukuu: ile dhaifu ndiyo huanza kuvuja.

*Inamfaa nani.* Anayepanda mara moja kwa mwaka au pungufu, na anayekwenda siku nyingi bila umeme.

Taa ya kichwani ya kuchaji

*Uzito na nishati.* Hapa kuna tofauti kubwa kati ya ndogo na kubwa. Petzl Bindi, kwa mfano, ina gramu 35, lumeni 200 na betri ya 680 mAh. Inavutia mno mpaka upige hesabu: 680 mara 3.7 ni wati-saa 2.5. Haifiki 3.25, na hiyo ni kabla ya baridi kuchukua chake. Kwa Point Lenana ya Mlima Kenya, ambako wengi huondoka kambi ya Shipton's saa nane au saa tisa usiku na kutembea gizani saa tatu au nne, inatosha ukiwa mwangalifu. Kwa Kilimanjaro inahitaji mwenzake. Betri ya 1,250 mAh inatoa wati-saa 4.6 na inamaliza usiku wa kilele. Taa zinazotumia betri ya umbo la silinda iitwayo 18650 hufika wati-saa 11 au 12, ila betri peke yake ni karibu gramu 48 na unaanza kuuhisi uzito kwenye paji la uso.

Pawabenki ya 10,000 mAh ina wati-saa 37, na baada ya upotevu wa kubadilisha volti utapata kama 25. Ina gramu 180 hadi 220. Je, uzito huo uhesabiwe kwa taa? Kama ungeibeba hata hivyo kwa ajili ya simu na kamera, si haki kuutwika mzigo wa taa. Kama simu yako unaizima kuanzia getini, basi uhesabu wote, na hapo betri za AAA zinashinda kwa uzito. Ukiruka kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi.

*Baridi.* Betri hizi hupungua nguvu kwenye baridi lakini hurudi zikipashwa joto. Kosa baya zaidi ni kuzichaji zikiwa chini ya sifuri: lithiamu hugandia vibaya ndani ya betri na uwezo unaopotea haurudi. Jioni ya Barafu, ingiza taa na pawabenki ndani ya mfuko wa kulalia, ziache dakika 20 zipate joto la mwili, ndipo uunganishe waya. Ukiamka zivae moja kwa moja, usiziache nje ya hema wakati unakunywa chai.

*Mvua.* Ndogo nyingi ni IPX4, chache hufika IPX7. Tundu la chaji lina kifuniko cha mpira ambacho baada ya mwaka hulegea. Tundu lenye unyevu likipelekewa umeme, pini zake huliwa na kutu. Lipulize, lifute kwa ncha ya kitambaa, lisubiri.

*Inapokwama.* Waya. Kuna taa zenye tundu la USB-C ambazo hazichaji kabisa ukitumia waya wa C kwa C, kwa kuwa mtengenezaji hakuweka vikinzani vinavyoiambia chaja itoe umeme. Zinataka waya wa A kwa C. Jaribu nyumbani, ukitumia pawabenki ile ile na waya ule ule utakaobeba. Na betri iliyofungiwa ndani ikichoka baada ya miaka kadhaa, taa nzima imekwisha. Kwa sababu hiyo tunazipenda zaidi zile za mseto, zinazokubali betri yake ya kuchaji au AAA tatu.

*Inamfaa nani.* Anayetembea mara kwa mara, anayelala penye umeme kila baada ya siku mbili tatu, na waongoza watalii, ambao wangemaliza mamia ya betri kwa mwaka.

Taa ya sola ya kupuliza

*Uzito na nishati.* Hizi zilianza kujulikana baada ya tetemeko la Haiti la 2010, pale wanafunzi wawili wa usanifu majengo walipobuni taa ya LuminAID inayosafirishwa ikiwa bapa. Luci nayo ilifuata. Za ukubwa wa kawaida zina karibu gramu 125 pamoja na paneli, na hazihitaji kingine chochote. Tatizo ni hilo neno sola. Paneli yake haizidi sana upana wa kiganja na inataka karibu siku nzima ya jua la wazi. Siku ya kwanza ya Machame unatembea ndani ya msitu. Paneli iliyofungwa juu ya shanta haioni jua. Juu zaidi, kwenye uwanda wa Shira, kuna uwazi. Wakati wa masika usiitegemee hata kidogo. Nunua yenye tundu la USB pia, uijaze mjini.

*Baridi na kimo.* Kuna jambo lisiloandikwa kwenye boksi. Kwenye mita 1,800 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Kwenye mita 4,600 ni chini ya 60. Taa uliyoijaza pumzi hadi mwisho getini na kuifunga juu ya shanta itazidi kuvimba kadiri unavyopanda, na mishono ndiyo hufumuka. Toa hewa asubuhi, puliza upya jioni, na usijaze zaidi ya robo tatu. Plastiki yake ikipigwa na baridi huwa ngumu. Usiikunje kwa nguvu alfajiri.

*Mvua.* Hapa ndiyo inaongoza: nyingi ni IP67 (kinga ya maji ni ile ile ya IPX7, pamoja na ya vumbi), unaweza kuidondosha mtoni ikaelea.

*Mwanga.* Laini, umetawanyika, mzuri wa kulia chakula watu wanne. Haifai kutembelea. Ukiishika mkononi inakumulika wewe kuliko njia.

*Inamfaa nani.* Familia au kundi dogo lililoweka kambi sehemu moja siku kadhaa, ufukweni, au kiangazi kwenye uwazi. Anayehesabu gramu ataiona nzito, maana bado atahitaji taa ya kichwani.

Taa ya USB ya kuning'iniza

Ni vile vijiti au vibalbu vya LED vinavyochomekwa kwenye pawabenki, ambavyo machinga huviuza kwa bei ya soda mbili tatu. *Uzito* ni gramu 10 hadi 30. Nyingi hula wati 1 hadi 1.5, kwa hiyo saa mbili kila jioni ni wati-saa 2 hadi 3. Kwa usiku sita utakuwa umetumia 12 hadi 18 kati ya zile 25 za pawabenki. Simu yako itabaki na nini? *Mvua:* hazina kinga yoyote, ni za ndani tu. *Baridi* haiisumbui taa yenyewe, ila pawabenki.

*Inapokwama.* Mtu huchomeka, taa inawaka, baada ya nusu dakika inazima. Taa haijafa. Pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana, zikidhani simu imeshajaa. Tafuta yenye hali ya umeme mdogo, au chomeka simu kwenye tundu la pili kwa wakati mmoja.

*Inamfaa nani.* Mwenye pawabenki tayari, anayesoma au kuandika hemani. Kwa hema la kulia chakula la kundi ni nafuu isiyo na mfano.

Simu na mshumaa

Tochi ya simu inatosha kutafutia taa iliyoanguka. Inashika mkono mmoja wakati unahitaji yote miwili kwa fimbo, na betri ya simu iliyoshikwa hewani kwenye baridi huweza kuzima ghafla ikiwa inaonyesha asilimia 30. Mshumaa, kandili na chemli viache nyumbani. Hema la nailoni huyeyuka kwa sekunde, moto ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na Kilimanjaro imeshaungua vya kutosha Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022.

Taa nyekundu, na wadudu

Macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mweupe wa sekunde chache hurudisha kazi yote nyuma. Mwanga mwekundu hafifu hauharibu hivyo, tena haumwamshi mwenzako. Faida yake nyingine iko kambi za chini: mwanga mweupe huita kumbikumbi msimu wa mvua, na huita pia Nairobi fly, yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi ambaye ukimponda kwenye ngozi huacha malengelenge. Mpeperushe, usimpige. Kama taa yako haina nyekundu, ining'inize mbali na mlango wa hema, si juu yake.

Kwa hali yako

Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, njia ya Machame au Lemosho: taa ya kichwani ya AAA yenye lithiamu na seti moja ya akiba, au ya kuchaji yenye wati-saa 4 na zaidi pamoja na pawabenki uliyonayo. Usiku wa kilele weka akiba mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Badilisha betri Barafu kabla ya kuondoka, usisubiri zife kwenye mteremko ukiwa na glavu mbili. Ukipitia Marangu unalala kwenye vibanda, kwa hiyo taa ya kuning'iniza haina kazi.

Ukikodi taa Moshi, iwashe kwa nguvu zote dakika kumi pale pale dukani, fungua mlango wa betri utazame kama kuna unga mweupe, kisha weka betri zako mwenyewe.

Meru: utatembea gizani saa nne au tano, na sehemu za miamba baada ya Saddle Hut zinataka mwanga unaofika mbali zaidi, lumeni 100 kwa vipindi. Chagua taa yenye mwanga wa kulenga, na usiibebe ile ndogo ya 680 mAh peke yake.

Rwenzori: mvua na tope havina msimu. IPX7, betri za kubadilisha, na vyote ndani ya mfuko usiopitisha maji wa kufunga kwa kukunja. Sola isahau.

Usambara, Lushoto hadi Mtae, ukilala kwenye nyumba za wageni: taa ndogo ya kuchaji ya gramu 35 inatosha na kubaki.

Unaongoza kundi la watu wanane: kila mtu na taa yake ya kichwani, taa mbili za USB kwa hema la chakula, na moja kwa hema la wapagazi, ambao hupika na kuosha vyombo baada ya wageni kulala. Uzito wa taa hizo tatu za USB pamoja na pawabenki moja haufiki nusu kilo, na mpagazi aliyepimwa getini kwa kikomo cha kilo 20 asiongezewe juu yake. Vigawe kwenye mizigo kabla ya mzani.